Yakubu, Yakobi, James: Jina Moja kutoka Kilwa hadi Njombe

Barabara ya Songea huiacha ile kuu iendayo Zambia pale Makambako, ikashika kusini kwa kiasi cha kilomita 60 mpaka Njombe, mji wa baridi, wa chai na wa misitu ya kupandwa. Miongoni mwa kata za mji huo imo moja iitwayo Yakobi. Jirani zake ni Uwemba, Luponde, Kifanya na Lugenge, majina ambayo sikio huyakubali mara moja kuwa ni ya wenyeji. Na ipo pia kata ya Ramadhani, ambayo mtu wa pwani hahitaji kufasiriwa. Lakini Yakobi? Si Yakobo wa Biblia ya Kiswahili, wala si Yakubu wa vyuo vya Kurani. Irabu yake ya mwisho haimo katika hayo mawili.

Na kule Makambako, penye njia panda, stesheni ya reli na malori yasiyolala, jina lisikikalo zaidi si Yakobi wala Yakobo. Ni James. Mama aliyemzaa James wa kwanza huitwa Mama James na mtaa mzima, hata na wakwe zake wasiojua neno la Kiingereza, na katika vinywa vyao jina hulainika likawa Jemsi. Huyo James na kata ya Yakobi wanachangia jina, wala hapana awaambiaye hivyo. Jina hilo limeingia katika nchi hii mara kadhaa, kila mara limevaa nguo nyingine, na mara nyingi limetanguliwa na bunduki. Anayeliita jina la kizungu hajasema uongo, ila amesema sehemu ndogo tu ya habari yake.

Mzizi wake ni wa Mashariki. Katika Kitabu cha Mwanzo, Rebeka alijifungua mapacha. Wa pili alitoka tumboni mkono wake umeshika kisigino cha nduguye Esau, akapewa jina litokanalo na neno la Kiebrania la kisigino. Baadaye, alipokwisha kuikosa haki ya mzaliwa wa kwanza na baraka ya babaye, Esau alilifasiri upya jina la mdogo wake kwa uchungu, akalifanya liwe na maana ya mtu wa hila, mwenye kushika mahali pa mwenziwe. Ndiyo sababu vitabu vya majina vya Waingereza, vile wanunuavyo wazazi wanaotarajia mtoto, huandika mpaka leo kwamba James maana yake ni mnyakuzi wa nafasi ya mwingine. Hiyo ni tafsiri ya ndugu aliyedhulumiwa, na si desturi njema kumwachia mdhulumiwa peke yake aandike kamusi.

Kiarabu kina mzizi huohuo, wa ain, kafu na ba. Humo kisigino ni akib, na akib ni vilevile mzao, yule ajaye nyuma ya mtu akalifuata nyayo lake. Katika bonde hilohilo la maneno Kiswahili kiliteka neno akiba, yaani kile kibakizwacho kwa ajili ya siku za mbele. Sura ya Hud yampa mke wa Ibrahimu bishara ya Is-haka, na nyuma ya Is-haka, Yakubu; hapo hapana hila wala unyakuzi, pana nasaba tu inayoendelea. Mtu wa pwani aliyesoma chuoni hamjui Yakubu kwa kisigino. Humjua kwa machozi: baba aliyempoteza Yusufu, akahuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, kisha kanzu ya mwanawe ikamrudishia nuru. Kisa hicho kimetungiwa utendi, nao umeimbwa katika miji ya upwa kwa vizazi. Basi Kiingereza kimeweka hila katika jina hili, pwani imeweka subira, na herufi za asili ni zilezile.

Njia ya kutoka Yaakov mpaka James ni ndefu, na inaeleweka vizuri na mtu aliyezoea mchezo wa maneno katika Kiswahili kuliko na Mwingereza mwenyewe. Wagiriki walisema Iakobos, Warumi Iacobus. Kisha katika Kilatini cha mitaani, ile b ikaponyoka ikawa m, kwani zote mbili ni herufi za midomo, na anayesema haraka haoni tofauti kubwa. Iacobus akapata pacha, Iacomus. Mkubwa alibaki vitabuni na ndiye aliyezaa Jacob. Mdogo aliingia sokoni: Waitalia wakapata Giacomo, Wahispania Jaime, Wafaransa wa zamani wakalikata katikati likawa James, na ni Kifaransa cha Wanormani, walioishinda Uingereza mwaka 1066, kilicholivusha jina hilo mlango wa bahari. Kwa upande wa Wahispania na Wareno, Mtakatifu Iago aliitwa kwa pumzi moja, Santiago, halafu watu wakasahau mkato ulipo, wakapata jina jipya, Tiago. Mswahili asiwacheke. Yeye naye alipokea neno kitab kutoka kwa Waarabu, akadhani ki- ni kiambishi, akazaa vitabu.

Matokeo yake ni jambo la ajabu katika Biblia ya Kiingereza: mzee wa Agano la Kale huitwa Jacob, na mitume wa Agano Jipya wenye jina lilelile huitwa James, kana kwamba ni watu wa makabila mawili. Wafasiri wa Kiswahili hawakuufuata mgawanyiko huo. Tafsiri ya Karl Roehl iliyokamilika mwaka 1937, na ile ya Union ya mwaka 1952, zinamwita kila mmoja wao Yakobo, nao walifanya vyema. Lakini kwa hiyo kijana aitwaye James, anayekaa katika darasa la kipaimara huko Njombe na kuifungua Biblia yake ya Kiswahili kulitafuta jina lake, hulikosa kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Limo, tena mara nyingi, ila hakuna aliyemwonyesha.

Waliolitukuza James kuliko wote ni Waskoti, na hapa mpenzi wa ushairi ana sababu ya kusimama kidogo. Wafalme watano wa jina hilo walifuatana katika kiti cha Scotland, na wa kwanza wao alitekwa baharini na Waingereza mwaka 1406, angali mtoto, akakaa kifungoni miaka 18. Ndiye anayehesabiwa kuwa mtungaji wa shairi refu la mapenzi na la kifungo liitwalo The Kingis Quair. Kiti na jina vilipomfikia James wa sita, naye alikuwa mshairi. Kabla hajatimiza miaka 20, mwaka 1584, alichapisha risala ya kanuni za kutunga mashairi katika lugha ya Kiskoti. Haikosi kumkumbusha msomaji Sheikh Kaluta Amri Abedi na Sheria za Kutunga Mashairi za mwaka 1954, ingawa wa kwetu alikuwa mshairi bora zaidi. Mfalme huyo aliurithi pia ufalme wa Uingereza mwaka 1603, akaitwa huko James wa kwanza, na Biblia iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri yake ndiyo iliyolibeba jina lake duniani kote. Mwaka 1604 kundi la waigizaji wa mfalme huyohuyo lilicheza mbele ya baraza lake tamthilia ya Othello. Mhaini wa tamthilia hiyo, mwenye kunong'ona, mwenye kutamani nafasi aliyopewa mwenziwe, anaitwa Iago. Yaani James kwa Kihispania. Kama Shakespeare alikusudia au hakukusudia, jina lilikuwa limemwendea mtu wake.

Pwani ya Waswahili ilikuwa imekwisha kuonja jina hilo la Kihispania miaka 99 kabla ya mchezo huo. Tarehe 24 Julai 1505, merikebu za Francisco de Almeida zilishusha askari Kilwa Kisiwani. Amiri Ibrahimu aliyekuwa akitawala alikimbilia bara, mji ukaporwa, na Wareno wakaanza papo hapo kujenga ngome, ya kwanza kwao katika upwa huu. Kesho yake, tarehe 25, ilikuwa ni sikukuu ya Mtakatifu Yakobo katika kalenda ya Kikatoliki, kwa hiyo ngome ikapewa jina la Santiago. Jina hilo halikuwa la sikukuu tu. Kwa karne kadhaa lilikuwa ukelele wa vita wa Wakristo wa Hispania na Ureno dhidi ya Waislamu, na mtakatifu mwenyewe huchorwa juu ya farasi mweupe, upanga mkononi, akiwakanyaga Wamuri. Basi waliochagua jina walijua wanalolisema, na walilisema katika mji wa misikiti.

Wasilolijua, au wasilolijali, ni kwamba walikuwa wakiwaletea watu wa Kilwa jina ambalo watu wa Kilwa walikuwa wakilisoma katika Kurani karne nyingi kabla ya jahazi la kwanza la Mreno. Yakubu alikuwa amekwisha fika. Ngome ya Santiago haikudumu; Wareno waliihama kabla haijatimiza miaka 10, na Gereza analoonyeshwa mgeni leo katika magofu ya Kilwa ni kazi ya zama za Waomani zaidi kuliko ya Almeida. Jina la Santiago likafutika kwenye mawe. Yakubu akabaki misikitini na majumbani, kama alivyokuwa.

Kutoka Kilwa hadi Njombe ni mbali, lakini jina hili lilikwenda huko kwa miguu ya mtu mmoja, na habari yake haijulikani sana. James Frederic Elton alikuwa ofisa wa Kiingereza chini ya balozi John Kirk mjini Unguja. Mwaka 1873, mwaka ule Sayyid Barghash alipotia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa baharini, Elton alitumwa bara ya kusini kuwashughulikia watumwa waliomilikiwa na Wahindi raia wa Uingereza, naye akashika njia ya nchi kavu kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa. Kwa kuwa bahari ilikuwa imefungwa, misafara ya watumwa ilikuwa imehamia njia hiyohiyo, ikipanda kaskazini, na maelezo aliyoandika juu ya misafara hiyo ni miongoni mwa ushahidi mchungu zaidi wa zama hizo. Miaka minne baadaye, akiwa balozi wa nchi yake huko Msumbiji, alisafiri hadi Ziwa Nyasa, akapanda milima ya kaskazini yake na kupita nyanda za juu kuelekea Usangu. Alifia Ugogo, Desemba 1877, kabla hajaiona pwani tena. Ramani za wakoloni zikamtunukia uwanda wa juu wa maua ulioko Makete, katika Mkoa wa Njombe wa leo, ukaitwa Elton. Wenyeji waliendelea kuuita Kitulo. Mwaka 2005 ulipotangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ni Kitulo lililoandikwa.

Hapo yapasa kutaja kwamba upande wa pili wa Ziwa Nyasa, tangu mwaka 1875, Waskoti walikuwa wamefungua misheni ya Livingstonia, na majina yao yanachekesha kwa kufanana. Mwanzilishi wake mkuu alikuwa Daktari James Stewart. Mhandisi aliyeanza kuchonga barabara ya kuunganisha Nyasa na Tanganyika alikuwa binamu yake, naye James Stewart. Tajiri wa Glasgow aliyetoa fedha za barabara hiyo alikuwa James Stevenson. Mwafrika wa ufukwe ule angeweza kusamehewa kama angedhani James ni neno la Kiskoti lenye maana ya mwanamume.

Lakini katika nchi ya Wabena, Wajerumani walitangulia. Wamisionari wa Berlin walioanza kazi Unyakyusa mwaka 1891 walisogea mashariki, wakajenga Kidugala mwaka 1898, si mbali na ilipo Makambako, kisha vituo vingine. Kimojawapo, karibu na Njombe, wakakiandika Jakobi. Herufi J ya Mjerumani husomwa kama Y yetu. Wenyeji walilisikia jina kwa masikio, hawakulisoma kwa macho, na walipokuja kuliandika wenyewe waliliandika kama walivyolisikia. Lau kituo hicho kingefunguliwa na Mwingereza, kata hiyo ingeanza na J iliyo nzito mpaka leo. Tahajia ya Yakobi ni kumbukumbu ya sauti: inatuambia lugha gani ilisemwa mlangoni siku ya kwanza.

Tena inatukumbusha mwaka 1905. Mwisho wa Julai mwaka huo, Wamatumbi wa vilima vilivyo kaskazini-magharibi ya Kilwa waling'oa pamba ya serikali, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Ilikuwa imetimia miaka 400, mwezi kwa mwezi, tangu Almeida alipoiita ngome yake Santiago. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa tarehe 4 Agosti, lakini maji yake yalikuwa yamekwisha toka mikononi mwake. Yalivuka Rufiji, yakapanda Ungindo, yakafika Ungoni, na kutoka Ungoni yakaingia Ubena. Mnamo Septemba, Mbeyela, mmoja wa watawala wa Wabena, aliongoza wapiganaji wake kukishambulia kituo cha misheni cha Yakobi.

Walioko ndani walikuwa ni mmisionari Gröschel pamoja na Waafrika waliobatizwa, wenye bunduki. Nje walikuwa ni jamaa za hao Waafrika. Mashambulizi yalirudishwa nyuma. Hayo ndiyo mambo machache yasiyobishaniwa, na yanatosha kumfanya mtu atulie. Ukuta ule haukugawa wazungu na weusi; uligawa Mbena na Mbena, na bila shaka baadhi ya waliokuwa ndani walikuwa wameanza kuitwa majina ya Biblia, na waliokuwa nje waliitwa majina ya babu zao. Hadithi ya mapacha waliogombana tumboni ilikuwa imepata mahali pengine pa kuhadithiwa. Wala Wabena wote hawakuwa upande wa Mbeyela: wale wa bonde la Kilombero, chini ya Kiwanga, walishikamana na Wajerumani. Baada ya hapo majeshi ya serikali yaliteketeza mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Hesabu ya waliokufa kusini yote, kwa vita na kwa njaa, Wajerumani waliitaja kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wameipandisha hadi kati ya 250,000 na 300,000.

Pwani ilivitungia vita hivyo utenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi aliandika juu ya Maji Maji akiwa jirani wa mambo yenyewe, na miaka mingi baadaye, mwaka 1969, Ebrahim Hussein alikipa Kiswahili tamthilia ya Kinjeketile. Ubena haukubahatika hivyo. Mbeyela hajapata mshairi wa kimo hicho, na jina la kituo alichokishambulia limebaki katika orodha ya kata, likitamkwa kila siku na wenye haraka zao.

Basi James aliingiaje? Kwa mlango wa nyuma wa vita vingine. Wajerumani waliposhindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia na wamisionari wao kuondolewa, Waskoti wa Livingstonia ndio walioombwa kuyatunza baadhi ya makanisa ya Nyanda za Juu Kusini, mpaka Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Hilo ni daraja moja, tena jembamba. Daraja pana lilikuwa ni utawala wenyewe wa Kiingereza: daftari la shule, kipande cha kazi, orodha ya mishahara. Vijana wa Njombe walikwenda kwa maelfu katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakaitwa manamba, na kila namba ilihitaji jina mbele yake. Mwaka 1949 Shirika la Maendeleo la Makoloni lilianzisha huko Njombe kwenyewe kampuni ya miwati, na karani akaja hadi mlangoni. Karani aliyefundishwa Kiingereza aliposikia Yakobo aliweza kuandika Jacob, au James, kwa jinsi alivyosoma. Na mwenye jina, akiona kwamba jina la Kiingereza linafungua milango ambayo Yakobo haifungui, hakuwa na sababu ya kumsahihisha.

Kwa hiyo katika familia nyingi za eneo hilo vizazi vinaweza kusomwa kwa majina ya ubatizo kama miti isomwavyo kwa pete zake. Babu ni Yakobo, Yohana, Petro, Andrea: huyo ni wa zama za Wajerumani na Biblia ya Kiswahili. Baba au mjukuu ni James, John, Peter, Andrew: huyo ni wa shule. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na Wachina pamoja na Watanzania na Wazambia, haikuleta James mpya, lakini iliikuza Makambako ikawa mji, na mji hupenda majina mafupi. Jina la pili, hata hivyo, halikutikisika. Mgaya alibaki Mgaya, na vivyo hivyo Mbilinyi, Mligo, Nyagawa, na Sanga wa Ukinga. Pwani mtu hubeba jina lake, la baba na la babu, kwa hiyo jina jipya likiingia huingia katika mnyororo wote. Kwa Wabena jina la ukoo hubaki chini kama mzizi, na lile la mbele hubadilika kwa majira. Pengine hiyo ndiyo sababu James halikuwatia hofu.

Kuna mahali ambapo lilitia hofu, na mfano wake hauwezi kurukwa. Mwandishi aliyetoa Weep Not, Child mwaka 1964, The River Between mwaka 1965 na A Grain of Wheat mwaka 1967, alitia jina la James Ngugi katika vitabu vyote vitatu. Mwaka 1970 alihutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki, kanisa lililopandwa Kenya na Waskoti, akasema kwamba yeye si mtu wa kanisa. Inasimuliwa kwamba mzee mmoja alisimama kwa hasira na kumrudi, akimwonyesha kuwa bado anatembea na jina la kikristo. Hoja ya mzee ilikuwa na nguvu, na msemaji akaikubali kwa namna ambayo mzee hakuitaka: aliliacha James, akawa Ngũgĩ wa Thiong'o, na kwa jina hilo alifariki tarehe 28 Mei 2025.

Hakuna haja ya kumhukumu. Kwa mtu aliyelipokea James pamoja na kunyang'anywa ardhi, lilikuwa ni alama ya mchungaji juu ya kondoo, naye alikuwa na haki ya kuifuta. Lakini upo mfano mwingine, wa Mombasa, unaostahili kuwekwa kando ya huo. Mwaka 1934 kilitoka kitabu cha Uhuru wa Watumwa, miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiswahili na Mwafrika. Mtungaji wake ni James Juma Mbotela wa Frere Town, mji ulioanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini, na kitabu chasimulia habari za watu wa aina ya wazazi wake, walioshikwa bara na kuletwa pwani. James la misheni, Juma la Waswahili, Mbotela la bara: majina matatu ya mtu mmoja ni ramani ya safari nzima. Angeliacha lipi, na lipi kati ya hayo lilikuwa la uongo? Wapo watakaosema kitabu chake kiliwasifu Waingereza kupita kiasi, na hilo ni kweli. Lakini watu aliowaandika walitekwa na Waafrika na Waarabu, wakaokolewa na Waingereza, wakaajiriwa na Waingereza haohao. Jina halikuwa kubwa miongoni mwa matatizo yao.

Wenye kuishi na jina hili leo wana tatizo dogo zaidi, ila linauma. Mzee aliyebatizwa Yakobo, akaandikishwa shule James, kisha akaajiriwa kwa jina mojawapo, hugundua uzeeni, anapofuatilia mafao au mirathi, kwamba katika karatasi yeye ni watu wawili. Cheti cha ubatizo kinamjua mmoja, kitambulisho kinamjua mwingine. Humbidi aende kwa wakili ale kiapo kwamba Yakobo na James ni mtu mmoja, na kiapo hicho hulipiwa. Anayeapa anasema kweli kuliko anavyojua: lililo kweli juu yake ni kweli juu ya jina lenyewe tangu Iacobus alipokuwa Iacomus. Hakimu wala karani hawatamuuliza habari za Kilatini.

Mfasiri naye hapati nafuu. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1963, aliiita Julius Caezar. Alipoirudia mwaka 1969 aliiita Juliasi Kaizari, yaani alikuwa ameamua kwamba jina nalo hufasiriwa. Kwa kanuni hiyo yule mfalme wa Biblia ya Kiingereza angeitwa kwetu Mfalme Yakobo, kama Waraka wa Yakobo ulivyo wa Yakobo, na Waswahili wachache wangemtambua. Kwa mshairi jambo ni jepesi kidogo. Yakobi ina mizani tatu, Yakobo tatu, Yakubu tatu. Na Jemsi, likitamkwa kama walitamkavyo akina mama wa Makambako, ile m ikisimama peke yake kama katika hamsini, ni Je-m-si, tatu vilevile. Atakayemtungia Mbeyela utenzi anaweza kulitia lolote katika hayo manne ndani ya kipande cha mizani nane, na halitamharibia hesabu. Litakalomlazimu kuchagua ni kina: bi, bo, bu, au si.